Bwawa Lililokanyagwa na Ng'ombe

Mwaka 1998 mke wangu Verediane aliteleza kwenye mawe ya volkano karibu na Petite Barrière, kituo cha mpakani, akiwa na beseni kichwani la nyanya za kuuza Goma, akavunjika paja. Mfupa uliunga vizuri. Goti ndilo lililokataa kukunjika. Muuguzi alituambia atembee kila siku ndani ya maji yanayomfika kifuani kabla goti halijakakamaa kabisa. Likishakakamaa, alisema, hakuna atakayelirudisha.

Ziwa tunalo. Lakini kutoka Mbugangari hadi ufukweni ni mbali kwa mtu anayetembelea mkongojo, na siku niliyompeleka kwa baiskeli wimbi dogo lilimwangusha mbele ya watu, nguo zikamgandama mwilini. Nikampandisha tena baiskeli tukarudi.

"Mi niko mwanamuke wa Kiislamu, mama ya mutu," aliniambia tulipofika. "Siendi tena kule kuonyesha watu mwili."

Sikubishana naye. Nilikaa nikafikiri, kama ninavyokaa na kitambaa kabla ya kukikata.

Mimi ni fundi cherehani. Bwawa sikuwahi kuchimba, lakini kupima najua. Nilimpima Verediane kutoka unyayo hadi kifuani, kisha nikapima mguu mbovu unainuka mpaka wapi, na vipimo hivyo vikawa ramani yangu. Kina cha shimo nililochimba uani kilitoka kifuani pake, kimo cha vidato vya ngazi kikatoka mguuni. Upande wa migomba niliacha sehemu ya kina kifupi kwa ajili ya samaki. Hilo lilikuwa sharti lake. Maji yaliyotuama bila samaki yanazaa mbu, alisema, na siku ambayo goti litakataa kazi, angalau atakaa ukingoni avue kitoweo.

Shida ilikuwa ardhi yetu. Ni changarawe ya volkano. Ukimwaga maji, hayasubiri uondoke. Basi nikatafuta shitingi, yale maturubai ya plastiki yaliyokuwa yamezagaa mji mzima baada ya kambi za wakimbizi kufungwa, nikayaunganisha kwa cherehani na uzi mzito. Sijui kama nimewahi kushona kazi safi kuliko ile. Mvua ya masika ikanyesha, maji ya mabati yakaingia kwa mfereji, bwawa likajaa. Kulipokucha lilikuwa tupu.

Verediane alijikongoja hadi ukingoni, akachungulia.

"Baba Mutoni, maji iko wapi?"

"Jana yalikuwa hapa."

"Na we ulishona muzuri?"

"Vizuri sana. Kila mahali mishono miwili."

"Bon. Basi ulitoboa mara mbili."

Nilitazama zile nyuzi nilizojivunia. Kila sindano ilipopita palikuwa na tundu. Verediane alicheka mpaka akashika ukuta, na kwa kuwa sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke, sikuona aibu niliyostahili kuona. Lakini masika yalikuwa yanaelekea mwisho, na goti lilikuwa gumu kuliko mwezi uliopita. Wote wawili tulijua.

"Kwetu ng'ombe walikunywa kwa ikibumbiro," akasema alipotulia. Akanieleza: ni birika ambalo wafugaji hulifinyanga chini, kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa hadi hauna hata ufa. "Ile maji haiendi popote."

"Nani anajua kulitengeneza?"

Aligeuza uso. "Karenzi."

Karenzi ni kaka yake, mfugaji wa Cyanzarwe. Hakuwa amefika kwetu tangu dada yake aingie Uislamu nikamwoa. Hakututukana, hakuja tu. Mimi niliona kila mtu ana namna yake ya kuhuzunika, nikamwacha. Sasa nilipanda baiskeli nikaenda kwake. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama katikati ya mifugo, akauliza jambo moja: "Kupiga magoti, anaweza?" Nikamwambia hawezi. Akageukia ng'ombe zake, nami nikapanda baiskeli nikarudi.

Jumamosi nilisikia kwato barabarani. Karenzi alikuwa mbele ya ng'ombe zake, na nyuma yao pikapu ya jirani yake imejaa udongo wa bondeni. Tuliyaondoa maturubai, tukaumwaga udongo shimoni, tukaulowesha, akawashusha ng'ombe kwa ile ngazi ya Verediane, mmoja mmoja, akiwaimbia taratibu sifa zao ili wasiogope. Wakakanyaga wakizunguka, nasi nyuma yao miguu mitupu.

Epiphanie, jirani yetu muuza mkaa, aliegemea ua, akaniuliza kuhusu bwawa. "Mudathiru, hii piscine ni ya nani, ya ng'ombe?"

"Ya dada yangu," Karenzi akamjibu. "Hawa njo mafundi."

"Na ile mavi wanaangusha?"

"Njo simenti yao."

Mchana ulipoisha tulikuwa tumeulainisha udongo kwa viganja na kuufunika kwa majani ya migomba, jua lisiupasue. Karenzi alinawa, akatazama huku na huku. Kwao anayesaidia kazi kama ile hupewa pombe ya ndizi.

"Shemeji, mafundi hawakunywaka kitu hapa?"

"Chai iko."

"Chai," akasema, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Lakini aliketi karibu na dada yake, akanywa kikombe baada ya kikombe, na chakula chetu akala mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Mvua za mwisho zilijaza bwawa. Asubuhi niliogopa kutoka nje. Nilipotoka, maji yalikuwa palepale, na wingu limo ndani yake. Tukatandaza mchanga na mawe bapa chini, nikazungushia ua wa matete, tukatia vifaranga vya tilapia. Siku Verediane alipoingia mara ya kwanza, Karenzi alikuwepo, akageuka mwenyewe akatazama barabara mpaka dada yake alipotoka.

Aliingia kila siku. Wiki nyingi sikuona tofauti, nami sikuuliza.

Kisha siku moja ya kiangazi nilirudi kutoka kazini nikamkuta ukingoni akimparua samaki magamba. Alikuwa amechuchumaa. Goti lilikuwa limekunjika pamoja na mwenzake, naye hana habari. Alikuwa anamgombeza paka. Niliogopa kwamba nikisema neno atashtuka na kusimama. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo, nikageuza baiskeli palepale mlangoni, nikashika njia ya Cyanzarwe ili Karenzi asikie siku hiyohiyo.