Ncha ya Soksi

Iride alichomoa mfukoni bomba la karatasi, lile linalobaki chooni karatasi ikiisha, akalisimamisha kwenye meza ya Fausto katikati ya wanyama wa mbao. Akachukua farasi mdogo mwekundu, akamtumbukiza. Farasi akapita mzimamzima, akabaki amelala mezani bomba lilipoinuliwa.

"Huyo naye kafeli," alisema Fausto, muuza vitu vya watoto, mikono kaificha kwapani kwa baridi. "Bi Iride, umenipimia meza nzima. Hata forodhani hawapekui hivi."

"Sheria ya mkwe wangu. Kinachopita humu kinapita kooni mwa mtoto."

"Mjukuu ana umri gani?"

"Mwaka na nusu."

"Basi mnunulie kabati. Halipiti, nakuhakikishia."

Wanawake wawili waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. Iride alirudisha farasi mahali pake na kuondoka bila kuaga. Asubuhi nzima alikuwa akizunguka soko lile lililojaa ukungu, na kikapu bado kilikuwa chepesi. Peremende zilikuwa ngumu. Makaa ya sukari, ambayo kila mtoto wa mji ule huyakuta kwenye soksi yake, yalikuwa mawe matupu. Wanasesere walikuwa na macho ya kubandua, magari yalikuwa na magurudumu ya kung'oa, na vile vilivyokuwa laini na salama vilikuwa vikubwa kuliko soksi yenyewe. Alihisi hasira zikimpanda mpaka masikioni. Yeye alilelewa kwa karanga na gololi, na bado alikuwa hai.

Usiku ule Befana, kikongwe wa hadithi anayeruka kwa ufagio, angepita kujaza soksi za watoto, na kesho yake Krismasi ingekuwa imekwisha kabisa. Miaka mingine kazi hiyo ingekuwa ya mchezo tu. Mwaka huu Noemi, mke wa mwanawe, alikuwa amempigia simu akasema, "Soksi ya Elia nakuachia wewe, mama." Iride alielewa kwamba anapewa mtihani.

Septemba, chini ya mzabibu wa uani, Iride alimpa Elia zabibu moja. Moja tu. Mtoto akakabwa, midomo ikageuka rangi, na yeye akasimama pale kama aliyepigwa na butwaa. Noemi ndiye aliyemnyakua, akampindua, akampiga mgongoni mpaka zabibu ikaruka nje. Hakumfokea mama mkwe wake. Lakini tangu siku ile hakumwachia mtoto tena, hata akienda kujisaidia alikwenda naye. Sasa Noemi alikuwa anarudi kazini baada ya sikukuu. Elia ama angeshinda kwa bibi yake, ama angepelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto. "Bado hatujaamua," alisema Ivano, mwanawe, huku akiangalia pembeni.

Nyumbani, Iride alitoa soksi kubwa ya sufu ya kijivu. Aliiziba ncha mwenyewe kiwandani, mwaka wake wa mwisho kazini. Nusu ya mji ilikula kwa kazi ya kufuma soksi, na yeye maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye mashine moja. Soksi zilimjia zikiwa wazi pande zote mbili, yeye akavisha vitanzi vya ncha kwenye sindano kimoja kimoja mpaka zikazibika. Alizoea kutia mkono ndani, kutanua vidole na kuzungusha, kutafuta tundu. Aliijua ncha ya soksi kuliko alivyojua sala.

Na ncha ndiyo iliyomshinda. Alikwisha kupata kitabu cha kitambaa, mwiko wa mbao, chenza kubwa, na kengele ya ng'ombe iliyobaki kutoka zizi la baba yake, nene kama ngumi. Vyote havikupita kwenye bomba. Lakini vyote viliishia juu, na chini soksi ikaning'inia kama titi la mbuzi aliyekamuliwa. Kila kilichotosha kuingia nchani kilipita kwenye bomba. Alijaribu hiki, akajaribu kile, akavitupa mezani.

Mama yake alikuwa akiweka lozi moja nchani, na ganda lake. Watoto walichimba vitu vyote ili waifikie hiyo lozi. Kwenye bakuli palikuwa na lozi. Iride akaitazama, akalitazama bomba.

"Nimelea wawili mimi," alisema peke yake jikoni. Akamwaga kila kitu, akaitumbukiza lozi kwanza, kisha akashindilia vingine juu yake.

Jioni Noemi na Ivano wakaja na mtoto, walale pale. Noemi alisimama mbele ya soksi pale ilipotundikwa karibu na jiko. Iride alingoja aibonyeze, aipekue, amwulize. Noemi hakuigusa.

"Asante, mama," alisema. "Najua nimekuhangaisha."

Maneno hayo yalimchoma Iride kuliko kama angetukanwa. Alijigeuzageuza kitandani, akajiita mpumbavu kwa majina yote aliyoyajua, na dirisha lilipoanza kupauka aliingia jikoni miguu mitupu. Kumwaga soksi hakungewezekana, kengele ingeamsha nyumba nzima. Akapiga magoti, akapapasa ncha, akatafuta ule uzi wa mwisho anaoujua. Akauvuta. Vitanzi vikaachiana kimoja baada ya kingine, ncha ikafunguka, lozi ikamdondokea kiganjani.

"Mama?"

Noemi alikuwa mlangoni, kajifunga shali.

Iride angeweza kufumba mkono. Aliufungua. "Lozi. Niliiweka jana. Kwa ujeuri tu, lile bomba lako lilinichosha."

Noemi aliitazama lozi. "Na sasa?"

"Sasa nimeitoa. Ungekuja mapema kidogo ungeikuta ingali ndani, na lolote ambalo ungesema ungekuwa na haki."

"Ile zabibu naiota mpaka leo, mama."

"Mimi pia."

Noemi akaichukua lozi, akaibana kwenye bawaba ya mlango, akasukuma. Ganda likapasuka. Akaivunja kokwa katikati kwa meno, nusu moja akampa mama mkwe wake. Walitafuna wakiwa wamesimama.

"Chungu," alisema Noemi.

"Chungu kama nini sijui."

"Siku nyingine ukitaka kufanya ujeuri, tafuta tamu."

Elia aliamka, akaja anasuasua na nepi imeshuka. Iride akamtungulia soksi. Mtoto akavuta kitabu, akavuta mwiko, akaiangusha kengele sakafuni kwa kishindo na akakipenda kishindo hicho, akakirudia. Kutoka chumbani Ivano alinung'unika na kujifunika tena.

Noemi alikuwa akivaa koti. "Mkate hakuna. Nakwenda kwa mwokaji."

Iride alimtazama. "Nimwamshe Ivano?"

"Mwache alale."

Mlango ukafungwa. Iride akakaa sakafuni mbele ya mtoto, mikono mapajani, haigusi kitu. Akasikiliza viatu vikishuka ngazi. Kwenye kona ya ngazi, ghorofa ya kwanza, vikasimama.

Elia alikuwa ameingiza mkono kwenye soksi mpaka begani, akitafuta kilichobaki. Vidole vikatokeza upande wa pili, penye ncha iliyofumuka, vikachezacheza hewani, vikakutana na kidole cha bibi yake na kukishika. Iride hakusogea. Hakupumua.

Chini, viatu vikaanza tena kushuka. Mlango wa barabarani ukafunguka, kisha ukajifunga.