Chupa Tupu za Bwana Asilimia

Mkuu wa utafiti wetu tulimpa jina la Bwana Asilimia, na alilistahili. Hospitali ilikuwa ikijaribu dawa mpya ya presha, matokeo hata hayajatoka, na yeye ameshavimba kichwa kana kwamba ugonjwa wenyewe umemwomba radhi.

Mimi ni muuguzi, na kazi niliyopewa ilikuwa kuhesabu vidonge. Mshiriki anachukua chupa ya siku ishirini na nane, kimoja kila siku, kisha anairudisha, nami namimina kilichobaki kwenye sinia na kukihesabu kwa kijiti. Kila chupa tulitia thelathini na tano: saba vya ziada, mtu akichelewa kurudi asikose dawa. Ziada hiyo hatukuwaambia. Kwa hiyo aliyemeza kila siku lazima arudishe saba, na hesabu hiyo haihitaji shahada.

Chupa zilirudi tupu. Benchi zima.

Sababu naijua, nilikuwepo. Siku ya kwanza ya kurudisha, fundi mwashi mmoja alileta chupa yenye vidonge ishirini, akasema kweli kwamba vinamvuruga tumbo. Bwana Asilimia akamfokea mbele ya wenzake: "Mzee, unatuangusha." Waliobaki kwenye benchi wakaanza kwenda chooni mmoja mmoja, na kila aliyerudi alikuwa na chupa nyepesi. Wa kwanza kuitwa alikuwa mama mshonaji. Bwana Asilimia akampigia makofi.

Nilimfuata ofisini. "Daktari, chupa tupu maana yake mtu kamwaga dawa, au kameza kupita kiasi. Hiyo ni asilimia mia na ishirini na tano."

"Andika mia," akasema. "Tusijisifu mno."

Nikaandika. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu kwenye benchi lile alikuwepo shangazi yangu, dada yake baba. Chupa yake ilirudi tupu mara mbili, hata picha yake ikabandikwa ukutani kwenye korido: Mshiriki wa Mfano. Presha yake haikushuka hata kidogo. Mtu mwenye akili angejiuliza kama anameza. Bwana Asilimia akaamua dozi haitoshi: siku ya kurudisha chupa ya tatu angepewa vidonge viwili kwa mpigo, mbele ya wageni wanaofadhili utafiti.

Mchana wa siku iliyotangulia nilimkuta shangazi akipiga pasi.

"Shangazi, umewahi kumeza hata kimoja?"

"Kimoja. Cha kwanza kabisa. Nikaanguka pale mlangoni, jirani akaja kuniinua."

"Na kesho watakupa viwili huku wanakutazama. Utavitemea wapi?"

Aliendelea kupiga pasi kola iliyokwisha kunyooka. "Mwanangu, nina watoto watano, hakuna anayeniuliza nimeamkaje. Yule daktari ananiuliza. Picha yangu iko ukutani. Leo nikamwambie nimemdanganya?"

"Mwambie ulianguka."

"Anifokee kama yule fundi? Acha, nitajikaza."

Nilirudi nyumbani nimekasirika na kuogopa. Kuuawa na dawa ni jambo moja. Kuuawa na makofi ni upuuzi.

Kesho yake wageni watatu walikaa ofisini kwenye viti vyetu vizuri, mlango wazi ili na benchi lijionee. Bwana Asilimia alimpaka shangazi mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha akamsogezea kisahani chenye vidonge viwili na glasi ya maji.

"Asimeze," nikasema. "Kimoja tu kilimwangusha."

"Muuguzi wetu amechoka," akawaambia wageni, bila kunitazama. "Mama, hebu waambie. Dawa yetu imewahi kukuangusha?"

Shangazi akashika glasi. Akaitazama picha yake kule korido, akanitazama mimi. Akairudisha glasi mezani, akafungua mkoba, akatoa leso iliyofungwa fundo. Kutupa dawa hakuweza. Alikuwa amevitunza vyote.

"Hesabu, mwanangu."

Nikahesabu kwenye sinia, mbele ya wageni, bila haraka. Vilikuwa mia moja na vinne: chupa tatu, kasoro kimoja.

"Niliogopa utanifokea," shangazi akamwambia Bwana Asilimia.

Yule mama mshonaji alikuwa wa kwanza kuinuka kwenye benchi. Alikuwa ametoka chooni muda si mrefu uliopita, kama kila mwezi, na vidonge vyake alikuwa amevifunga kwenye karatasi. Akaingia, akaviweka mbele yangu. Nyuma yake wakasimama wengine, mikoba wazi, mikono mifukoni.

"Funga mlango," Bwana Asilimia akaninong'oneza.

Nikamwambia aniletee sinia nyingine.