Bendera Nne za Bafta

Mwanga wa Sib haupigi hodi. Unaingia tu. Unapanda kuta nyeupe, unashuka kuta nyeupe, unagonga madishi na matangi ya maji, kisha unamrudia mtu machoni, mweupe pe, mpaka machozi yanamtoka bila msiba.

Juu ya paa bapa la nyumba ya kina Badr, hapa Omani, katikati ya mwanga huo, Mwanakheri, mtumishi wao, anaanika. Anaanika na kupumua kwa mdomo.

Jezi kumi na nane, jamani. Hazina mikono, kijani na nyeusi, kila moja ina kasa kifuani. Zimekaa juma zima kwenye buti la gari, ndani ya begi lililofungwa zipu, jasho juu ya jasho, nyasi juu ya damu. Alhamisi hii asubuhi alipoivuta ile zipu, harufu ilimpiga kofi. Kwao Pangani amezaliwa na papa, amekua na ng'onda, wala hakuwahi kuziba pua. Lakini papa ukimwosha husikia. Hizi ameziosha maji matatu na bado zinasema.

Kinyaa kikampanda. Akakimeza. Kazi ni kazi.

Na vile vikinga-meno! Vijipira vya kuvaa mdomoni, vyenye alama za magego ya mtu, vinateleza kama konokono. Juzi Badr alivitumbukiza wapi? Kwenye kikombe cha kahawa cha bibi yake, kile chenye ua la dhahabu, kisichoguswa na mgeni wala mwenyeji. Mwanakheri alikisugua kwa ndimu na chumvi mpaka vidole vikamchoma. Jioni alipommiminia Bi Sayyida kahawa, alikiona kikombe kinaona haya.

Mchezo wenyewe ni wa Australia. Badr alikwenda kusoma huko miaka minne, akarudi na shahada moja na wazimu mmoja. Mpira wao si duara, una ncha mbili kama papai, na ukidunda hata wenyewe hawajui utaelekea wapi. Kiwanja ni yai. Kila upande milingoti minne. Hakuna wavu, hakuna kipa. Kumi na nane kwa kumi na nane, wanapiga kwa mguu, wanapiga kwa ngumi, na mtu ana ruhusa ya kumparamia mwenzake mgongoni ili audake mpira hewani. Ukipita kati ya milingoti miwili mirefu, pointi sita, na mwamuzi aliyesimama pale hupeperusha bendera mbili nyeupe. Ukipita pembeni, pointi moja, bendera moja.

Hayo Mwanakheri hakufundishwa na mtu. Shule yake iliishia darasa la saba. Lakini anayesimama na sinia mbele ya televisheni kila Jumamosi, akingoja vikombe vitupu, huona mengi kuliko aliyezama kwenye kochi.

Kesho Ijumaa, saa kumi jioni, nyuma ya magereji ya Ghala, Kasa wa Maskati watacheza na Vipanga wa Dubai. Juma zima nyumba haina neno jingine. Chai ni Vipanga, wali ni Vipanga. Harub, rafiki wa Badr, tangu Jumapili kafanya sebule kambi, anamenya njugu na kutupa maganda kwenye zulia.

"Vipanga wana yule Mwaustralia mrefu," anasema Harub. "Akiinua mkono anazima jua."

"Mrefu na aje," anajibu Badr. "Mrefu akianguka, huanguka kwa awamu."

"Mwaka jana alikukanyaga sikio."

"Nnalo la pili. Yalla, andika: tunashinda kwa pointi thelathini."

"Thelathini? Na tumbo hilo la biriani?"

Wakacheka. Maganda yakaruka. Mwanakheri akainama, akaokota moja moja, na kila moja lilikuwa na unyevu wa mdomo wa mtu. Kinyaa kikampanda. Akakimeza.

Kisha Badr akamletea vipande vinne vya kitambaa cheupe. "Kheri, dada yangu, vipinde pembezoni, vipige pasi. Bendera hizo. Sisi ndio wenyeji wa mechi, bendera ziko juu yetu."

Alivipinda. Aliketi kwenye cherehani chumba cha nyuma, akapinda kimoja, akapinda cha pili, upindo mwembamba kama ukucha, ulionyooka, upindo aliofundishwa na mama yake, na moyoni akajisifu kidogo. Akapinda cha tatu. Akapinda cha nne. Akawasha pasi.

Mvuke ukapanda, na harufu ikapanda nao.

Si ya sabuni. Si ya duka. Harufu ya baridi, chungu, safi, harufu ya chumba ambamo watu husema kwa sauti ndogo na viatu huachwa nje.

Kafuri.

Chini ya kitanda cha Bi Sayyida kuna sanduku gumu la kijani, lile alilokwendea Hija na marehemu mumewe. Ndani mna sanda yake. Bafta aliinunua Makka, akaichovya kwa mkono wake kwenye maji ya Zamzam, akaianika, akaikunja, akaitia kafuri. Wazee waliotoka Unguja kama yeye wengi wanayo yao, wala hawaoni ajabu. Mtu hufunga mzigo kabla ya safari. Kila mwezi ukiandama, Mwanakheri huipandisha sanda ile juu ya paa, ikapigwa na mwanga, akairudisha ilivyokuwa. Na ufunguo wa sanduku Bi Sayyida aliupachika kwa pini ndani ya gauni la Mwanakheri, akawaruka binti zake wawili wenye magari.

"Siku yangu ikifika, wao watakuwa wanalia," alimwambia. "Wewe ndo utaefungua."

Mwanakheri hajapata kupewa kitu kikubwa kama kile. Mshahara hupewa kila mtu. Ufunguo alipewa yeye.

Na Jumatano Badr aliuomba. "Nataka mkanda wa jambia la babu, umo sandukuni, niwaonyeshe Waaustralia." Naye, mikono imejaa unga, aliufungua kutoka kwenye pini akampa. Alimpa! Hata hakuuliza, wala uliporudishwa jioni.

Sasa, Bibi akiwa hayumo chumbani mwake, alipiga magoti, akalivuta sanduku, akaikunjua sanda. Matundu manne ya mraba. Na hakukata pembeni, mtoto yule. Alianzia katikati, kama mtu anayeuanza mkate kwa kuuchimba tumboni.

Alikwenda sebuleni na bendera zake mkononi.

"Kaka Badr. Hii ni sanda ya Bibi."

Badr akasita. Kwa nukta moja uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyevunja kitu, na Mwanakheri, wallahi, alikuwa tayari kumhurumia. "Sanda? Mimi nilidhani shuka." Akamtazama Harub. Harub akatazama njugu. Na ile nukta ikapita.

"Khalas, ishakatwa. Ntanunua nyingine. Bafta ni bafta."

Akachukua bendera moja. Akatoa kikinga-meno mdomoni, kipya, alichokuwa akikizoeza kwenye fizi tangu asubuhi, na utando wa mate ukavutika, ukang'aa, ukakatika. Akakifuta. Akakifuta kwa ile bafta, mbele na nyuma, taratibu, kama mtu anayefuta miwani. Kisha akaipeperusha. "Sita!"

Harub alicheka, akaacha katikati.

"Bibi asijue," Badr akasema, wala hakusema kwa ukali. "Akijua ataniuliza mimi nini? Ufunguo anao nani?"

Ukali ungekuwa afadhali. Alisema kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

Kinyaa kikampanda, na safari hii hakikumezeka. Alizichukua zile bendera, akasema anakwenda kuzipiga pasi upya, akatoka. Jikoni aliosha mikono kwa ndimu. Akaosha tena. Mate si yake, dhihaka si yake. Lakini ule upindo? Ule mwembamba kama ukucha, ulionyooka, alioufanya na kujisifu? Ule ulikuwa wake, na hakuna ndimu ya kuosha upindo.

Ee mkono, uliona nini uliposhona? Ee pua, ulikuwa wapi?

Ijumaa asubuhi Bi Sayyida ameshaoga, amekaa kitandani anapaka miguu mafuta. Mwanakheri akafunga mlango. Akaweka ufunguo juu ya shuka, akaweka bendera nne kando yake, akasema yote, na la unga, na la pini, bila kujitafutia pa kupita.

Bibi akanyoosha mkono.

"Lete nnuse."

Akanusa. Akapitisha kidole gumba pembezoni.

"Nani kapinda?"

"Mimi, Bibi."

"Upindo mzuri."

Kisha akaona doa lililokauka, lenye kung'aa kama njia ya konokono. "Na hii nini?"

"Mate ya kaka Badr."

"Mate." Akaishika bendera kwa ncha za vidole viwili, mbali na magoti yake. "Mjukuu wangu nimemfuta mate miaka mitatu kwa pembe ya kanga yangu. Leo kajifutia kwa sanda yangu."

Nje gari lilipita na matangazo ya samaki. Bibi akalisubiri limalize.

"Vioshe hivi vitambaa, uviweke juu ya matundu yake. Usishone. Sanda haishonwi. Wakiniuliza huko nnakokwenda, ntasema mjukuu wangu alikuwa na mechi." Akajipangusa mafuta vidoleni. "Na leo usiku ana shughuli, sivyo? Ile nguo yake mpya iko wapi?"

Ilikuwa mlangoni mwa chumba cha Badr, ndani ya mfuko wa fundi, dishdasha, kanzu ya Kiomani, nyeupe kuliko chumvi. Alikuwa aivae kwenye karamu baada ya mechi, asimame mbele ya Kasa na Vipanga kama nahodha, atoe hotuba. Mwanakheri mwenyewe aliifukiza udi.

Akaileta. Akaunyoosha mkono kuchukua mkasi.

"Mkasi nipe mie," akasema Bi Sayyida. "Ukikata wewe, watasema mtumishi kaharibu. Nkikata mie, aje aniulize."

Akaanzia katikati. Vipande vitatu vikatoka mgongoni na tumboni. Cha nne akakikata shingoni, pamoja na kile kishada kinachoning'inia chini ya kola, wanachokichovya kwenye manukato.

"Kishada nikitoe, Bibi?"

"Kiache. Nacho kina hamu na mechi."

Mwanakheri alipinda bendera nne upya. Upindo ule ule, hakuupunguzia hata uzi mmoja. Alipozipiga pasi, ulitoka udi. Mabaki ya dishdasha yakarudi ndani ya mfuko wa fundi, mfuko ukarudi kwenye ndoano, umenyooka na heshima zake.

Kisha bibi akachukua pini, akaupachika ufunguo mahali pake, akipapasa kwa vidole vyenye mafuta.

"Huu hauombwi," akasema. "Hata nkiuomba mie, usinipe."

Baada ya swala ya Ijumaa, Badr alishuka ngazi mbili mbili, jezi zake zimekunjwa, boksi lake la barafu limejaa makopo ambayo bibi haambiwi yana nini.

"Bendera tayari?"

"Tayari."

"Nyeupe?"

"Nyeupe, kaka."

Akaichukua mifuko yote, na ule wa bendera, bila kufungua hata mmoja, akautoa ule mfuko wa fundi kwenye ndoano, akautundika garini. Harub akapiga honi. Wakaenda.

Basi mechi itakuwa hivi. Watu wataibishania, lakini Mwanakheri ameshaitazama yote.

Saa kumi mpira utadundishwa katikati ya yai. Yule mrefu wa Vipanga ataruka, atazima jua, na Kasa watatapakaa chini yake kama kasa kweli. Patakuwa na ngumi na viwiko. Mate yatatemwa kwenye nyasi. Vumbi la Ghala litaingia midomoni mwao, na watalifuta kwa jezi alizoziosha maji matatu. Kisha mtu mmoja, wa Dubai au wa Maskati, yeye hajali, ataupiga ule mpira ukapita kati ya milingoti mirefu. Watu watapiga mayowe. Mwamuzi atainua bendera mbili juu ya kichwa chake, na moja itakuwa na kishada.

Kishada kitacheza. Upepo utaleta udi. Na nahodha wa Kasa, akiwa katikati ya kiwanja, mdomo wazi, kikinga-meno kimejaa, atasimama atazame shingo ya nguo yake ikitangaza pointi sita.

Pointi za nani, Mwanakheri hakuzihesabu.

Yupo juu ya paa. Ameosha vile vipande vinne, na viko kwenye kamba pembeni, vinadondoka tone, tone. Katikati ametandaza sanda. Mwanga wa Sib unaingia, haupigi hodi, unapiga bafta ikawaka nzima. Na mahali palipokatwa unapita moja kwa moja, unalala sakafuni, miraba minne iliyonyooka, myeupe kuliko kitambaa chenyewe.

Akanusa vidole vyake. Ndimu. Chini ya ndimu, bado, kafuri, papa asiyesikia.

Akaizunguka ile miraba ya mwanga kwa kunyata, kama mtu anayepita mbele ya anayeswali. Hakuikanyaga. Akakaa kwenye kivuli cha tangi la maji, mkono juu ya pini, akangoja bafta ikauke.