Shingo ya Mkono wa Kulia

Tangu mashine ya kiwandani imkate vidole viwili vya mkono wa kushoto, Dada hakugusa gitaa tena. Mtu akilitaja tu, yeye alikumbuka vyombo vya kuosha.

Kaka yake, seremala, hakubishana naye. Alianza kumchongea gitaa la umeme juu ya meza ya jikoni, akalipanga kinyume: nyuzi zibanwe kwa mkono wa kulia ulio mzima, wa kushoto ubaki na kazi ya kupiga tu. Sumaku za kunasia sauti zilikaa kwenye bakuli la chumvi. Vumbi la mbao liliingia hadi kwenye sukari. Dada alinung'unikia sukari, gitaa hakulisema.

Jumapili alasiri Kaka alimwekea gitaa mapajani, bado halina rangi wala nyuzi.

"Shika shingo."

"Hii shingo au mpini wa jembe?"

"Shika kwanza, mama maneno."

Vidole vya kulia viliizunguka shingo, vikapapasa kama mgeni anayetafuta swichi gizani.

"Nitaanza upya kama mtoto," alisema polepole. "Nitawachosha watu."

"Majirani walifaidi muziki wako bure miaka yote. Sasa ni zamu yao kuvumilia."

Dada alicheka hadi akajifuta macho. Kisha kidole gumba kikasimama mahali pamoja.

"Hapa pamenenepa. Nipe msasa."

Kaka alimkatia kipande kipya, akalishika gitaa kwa mikono miwili lisiteleze, na Dada akaanza kusugua.