Isale la Theodory

Huyo Theodory msimsifie mbele yangu. Tumekua pamoja Uru, vihamba vyetu, mashamba yetu ya nyumbani, vinapakana, na kila asubuhi alikatiza kwenye migomba yangu ili tushuke wote Moshi kazini. Mimi nilifuma mablanketi, yeye alikuwa msimamizi wangu.

Kiwanda kilipouzwa kwa mwekezaji, tukaambiwa tutapangwa upya. Hatukuwa wajinga. Tulikubaliana kuzima mashine na kukaa getini mpaka tuhakikishiwe kazi zetu, na wenzangu wakanifanya msemaji.

Jioni ya siku ya kwanza ya mgomo Theodory akaja kwangu na isale mkononi. Kwetu Wachagga, anayekujia na jani hilo humkatalii.

"Kornelia, nakuomba kwa isale hili," akasema. "Warudishe watu kazini. Mwekezaji ameniahidi, hakuna atakayeguswa."

Ningefanyaje? Nililipokea kwa mikono miwili. Kesho yake nikawasihi wenzangu turudi, nami nikawa wa kwanza kuwasha mashine.

Mwezi haukuisha, tukakuta geti limefungwa. Mlinzi mgeni akatuambia sehemu yetu ya ufumaji imefutwa yote. Theodory alikuwa dirishani ghorofani, sasa meneja. Nilimwita kwa jina, akafunga dirisha.

Wenzangu hawakumtazama yeye, walinitazama mimi. Hilaria, rafiki yangu tangu usichana, akaniuliza, "Na wewe walikupa nini?" Swali hilo liliniuma kuliko kupoteza kazi. Mpaka leo linaniuma.

Jumapili baada ya misa Theodory akaja tena na isale jingine, bichi, na shina lake. Safari hii aliomba msamaha.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua. Lakini nina watoto, Kornelia."

"Na mimi nilizaa mbuzi?"

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi nasi, akanikazia macho. "Isale halikataliwi, mwanangu."

Sikulikataa. Nilisema nimemsamehe, na nilijitahidi kumaanisha. Theodory akashusha pumzi, akaaga, akaelekea migombani kwenye njia yake ya siku zote.

"Zunguka barabarani, meneja," nikamwambia.

Maana isale lina kazi nyingine huku kwetu: ndilo tunalopanda mpakani. Alipoondoka nilichukua jembe, nikakata masale mengine uani, nikayapanda kuiziba ile njia, yakasongamana hata kuku asipite. Lile alilokuja nalo nililiweka katikati.