Wazee wa Mume Wangu

Mume wangu anafundisha historia ya falsafa chuo kikuu, na tangu tumzike binti yetu sijasema neno ndani ya nyumba yangu bila kujibiwa na marehemu wa karne fulani.

Mtoto tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Homa ilimchukua ghafla, bado hajaanza hata shule. Siku ya mazishi baba yake alisimama wima, macho makavu, akipokea mikono ya watu utadhani amepandishwa cheo. Shemeji yangu akasifu, "Kaka ana moyo wa chuma." Mama mkwe akaninong'oneza nijifunze kwa mwenzangu. Mimi niliyegaragara chini nikaonekana sina adabu.

Sikutaka awe jasiri. Nilitaka alie nami, hata mara moja, basi.

Badala yake akaniletea wazee wake. Nikilia jikoni, ananisimulia Mgiriki aliyeambiwa mwanawe amekufa, akajibu kwamba alijua tangu mwanzo amezaa mtu wa kufa. Nikikataa kula, ananipa Mchina aliyefiwa na mkewe, wageni wakamkuta amekaa chini anapiga chombo kama ngoma, anaimba. Nikikumbatia gauni la mtoto, ananishushia Mhindi: kushikamana na vitu ndiko kunakoleta maumivu. Siku nyingine alinijia na Mwarabu, eti kila tulicho nacho ni cha kuazima, sasa kwa nini tulie mwenyewe akikitaka?

"Nilimwazima kwa nani?" nikamuuliza. "Nilimbeba tumboni. Sikumchukua kwa jirani kama kinu."

"Mke wangu, unachanganya mambo mawili," akasema kwa upole, ule upole wake unaonitia hasira kuliko tusi.

Nyumba ikajaa wanaume wa kale, kila mmoja akinitaka ninyamaze, na hata mmoja hakuosha kikombe. Niliwachukia wote, bila kubagua taifa wala zama. Yeye akawa analala fofofo pembeni yangu, mimi natazama dari.

Juzi alisahau miwani yake ya kusomea mezani. Nikampelekea chuoni. Ukumbi ulikuwa umefurika, nikasimama kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa amefika kwa yule Mgiriki wake, anamsimulia vizuri, mkono mmoja mfukoni, na wanafunzi wanaandika mbiombio. Anajua kufundisha, hilo simnyimi. Halafu binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, na mama wa huyo mtoto? Yeye alisemaje?"

Mume wangu akainua macho, na hapo akaniona. Nikajua sasa atakwama. Atashindwa kuendelea, atalia mbele za watu wote hawa, nami nitamsamehe kila kitu, hata wale wazee nitawasamehe.

"Historia haina habari zake," akasema.

"Alilia!" Sauti ilinitoka kabla sijaizuia. "Andikeni. Mama alilia, tena alilia peke yake, na baba akaenda zake kufundisha."

Vichwa vyote viligeuka nyuma kunitazama, kisha vikarudi mbele kumtazama yeye. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja, kalamu mkononi, akauliza kwa heshima kabisa, "Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"

Mume wangu aliniangalia. Midomo ilimtetemeka, naapa niliiona.

"Hapana," akasema. "Hiyo iacheni."