Mwano wa Maji

Walikuwa wanakimbilia mtoni. Hilo ndilo ninalolikumbuka kila wingu linapotanda: wanaume na marungu, wanawake wamejifunga vitenge viunoni, Mama Nelly wa bondeni kambeba mtoto mgongoni na mchi wa kinu kaushika mkononi. Mbele yao wote, baba yangu mzazi, mzee Ngassa, na upinde wake, anakata mbuga kuelekea darajani utadhani kijana anayewahi kuposa.

Lilikuwa zoezi tu. Siku hizi mvua zetu hazina adabu. Zinachelewa mpaka mahindi yanakata tamaa, halafu zinakuja zote kwa pamoja. Basi halmashauri ikatuletea king'ora cha mafuriko. Davis, mratibu wa maafa wa wilaya, alikifunga kwenye nguzo ya daraja ili kilie maji yakipanda. Mimi, mtendaji wa kijiji, niliitisha mkutano nikaeleza: mkikisikia, pandeni kilima cha shule. Wakaitikia, wakapiga makofi. Kilipolia, wote wakashuka.

"Mbona wanakuja huku?" Davis aliniuliza, ameshika kichwa.

Nilicheka hadi machozi, kisha nikaogopa. Kwetu Usukumani, sauti ya hatari ni mwano, yowe linalopigwa kwa kiganja mdomoni. Ukipigwa, ujue wezi wameingia zizi la mtu, na kila mwenye miguu anakimbilia kule sauti inakotoka. Asiyetoka hutengwa, hapewi hata kijinga cha moto. Mkutano mmoja ungewezaje kuifundisha miguu kukimbilia kwingine?

Davis akakifungua king'ora, tukakubaliana kitahamia kilimani mafundi wakija kusimika nguzo. Mafundi nao, ah, walikuwa njiani kila nilipopiga simu. Nikaona nimfuate baba, kiongozi wetu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Nyumba yake ilikuwa bondeni, hatua chache kutoka mtoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunihamisha tena?"

"Nimekuja kuomba mwano. Maji yakija, tuupige kutoka kilimani. Watu watakuja kule kule."

Aliacha kuchonga mpini, akanitazama. "Mwano si wa maji, ng'wanone, mwanangu. Ukiuchezea, siku wezi wakija kweli nani atatoka? Anayeupiga kwa uongo anatengwa. Hata awe mtoto wangu."

Hakuwa mkaidi wa bure, na hilo ndilo lililoniuma. Ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wanalala salama kwa sababu ya neno hilo moja lisilochezewa.

Mvua haikusubiri mafundi. Jumapili moja, watu wametoka kanisani, jua linawaka juu yetu, Davis akapiga simu kutoka Masumbwe. Huko juu kulikuwa kumenyesha usiku kucha, mto umeng'oa miti, na unakuja kwetu. Nilituma ujumbe kwa kila aliyekuwa na simu. Wengine walitazama lile jua wakanijibu kwa vicheko. Nikampigia baba.

"Nimesikia," alisema, taratibu kabisa. Nyuma ya sauti yake niliwasikia ng'ombe wakinywa maji.

Nilimkasirikia baba yangu siku ile kuliko siku zote za maisha yangu, na nilimpenda vivyo hivyo. Nilipanda kilima cha shule nikihema. Kutengwa si mchezo: huchoti maji na wenzako, ukifiwa unazika mwenyewe. Na atakayetamka hukumu ni yeye. Kule chini niliona paa lake la bati linang'aa. Nikaweka kiganja mdomoni, nikaupiga mwano.

Loo! Kijiji kiliamka chote. Walitoka mashambani, walitoka kilabuni, wakapokezana sauti mji kwa mji, na wote wakapanda. Baba alifika na upinde, mshale tayari, jasho linamtiririka.

"Wezi wako wapi?"

"Hakuna wezi, baba. Ni maji."

Watu wakashusha marungu. Mmoja alianza kuguna, akaishia hapo, kwa sababu ngurumo ilitoka bondeni chini ya jua lile lile. Maji yalikuja ya rangi ya ugoro, yamebeba magogo. Yalilibeba daraja kwanza. Kisha zizi. Paa la baba lilizunguka kidogo pale pale, kama mtu anayetafuta kiti, likaenda. Ng'ombe wake wachache waliruka kuja upande wetu; wengine hatukuwaona tena.

Baba akaulegeza ule uzi wa upinde, akanigeukia mbele ya watu wote. Nilisimama wima nisikie hukumu yangu.

"Asteria."

"Abee, baba."

"Piga tena. Simuoni Mama Nelly."

Nilijaribu, ikatoka sauti ya kukwaruza, nikashindwa. Ndipo mzee yule akajiwekea kiganja mdomoni, akaupiga yeye mwenyewe, mwano wa maji, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Mama Nelly aliibukia kwenye mikonge ya ubavuni mwa kilima, kalowa mpaka kiunoni, mtoto mgongoni analia kwa nguvu zake zote. Mchi wa kinu alikuwa nao mkononi.

"Wako wapi?" aliuliza.